Hodi ya Tatu

Toyota Noah nyeupe ilikuwa nyuma yake tangu uwanja wa ndege wa Wawi.

Asya Nyange aliiona kwenye kioo cha pikipiki yake ya Boxer alipopita maduka ya kwanza. Akapunguza mwendo. Noah nayo ikapunguza. Akaongeza. Ikaongeza.

Sawa.

Mwanamke aliyevaa baibui akaendesha pikipiki peke yake ni kioja tosha kisiwani Pemba, na wazee waliokaa barazani waligeuza shingo kumtazama. Asya hakuwa na nafasi ya kuona haya. Chini ya baibui alikuwa na bastola ya Beretta. Mgongoni, ndani ya begi, alikuwa na kompyuta ya ThinkPad kuukuu, waya za kila aina, na pawabenki moja ambayo haikuwa pawabenki.

Ulikuwa msimu wa karafuu. Kando ya barabara watu walikuwa wameanika, jamvi baada ya jamvi, na harufu ilikuwa kali mpaka kooni. Alipofika penye njia ya vumbi iingiayo mashambani alikata kona ghafla, akapita katikati ya majamvi mawili bila kugusa hata punje.

Noah haikujali. Ilipanda juu ya jamvi.

Hilo ndilo kosa. Mpemba anaweza kukusamehe ukimtukana, lakini hukanyagi karafuu yake ukaondoka salama. Kabla dereva hajajua kushoto wala kulia, wanawake wanne walikuwa wamesimama mbele ya gari, mmoja ameshika jiwe.

"Shuka! Shuka utwambie, hizi karafuu za mamako?"

Makelele yalififia nyuma ya Asya. Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. Alikuwa amejua mambo mawili, na yote mawili hayakumpendeza. Anayemfuata si mtu wa hapa. Na mtu huyo alijua mapema kwamba Asya anakuja.

Redio ya Motorola ilikoroma kifuani mwake.

"Popo, Popo, hapa Mnazi."

"Mnazi, Popo nakusikia."

"Karafuu imeloa."

"Naanika."

"Unaanika wapi?"

"Tibirinzi."

Kwa lugha yao, karafuu kuloa ni kazi kuingia dosari, na kuanika ni kuishughulikia. Mnazi alikuwa Zubeir, mkuu wake katika Idara ya kuzuia dawa za kulevya, mtu asiyependa maneno mengi na asiyependa kabisa jina la Tibirinzi.

"Una mpaka magharibi," alisema. "Mzigo unashuka kesho, sijui pwani gani. Na jioni nalifunga faili la Hafiz kama lilivyo. Msaliti. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

Alikuwa amefahamu vizuri mno. 

Hafiz Abrahman alikufa baharini wakati wa masika. Boti yake ya doria ilivamiwa mahali ambapo hakuna aliyepaswa kujua kwamba atakuwepo. Kwa miezi mingi kabla ya hapo watu wa unga walikuwa wanajua kila amri ya doria kabla wino haujakauka, na Idara ilikuwa inatafuta mtu anayeuza siri. Hafiz alipokufa, ikawa rahisi. Maiti hajitetei. Wakasema aliuza, akagombana na wanunuzi wake, wakammaliza.

Watu wa Wawi, kwao Hafiz, walisikia. Pemba ni kisiwa, siri haina pa kukimbilia. Hitma ya Hafiz, kisomo cha kumwombea, ilihudhuriwa na watu wasiojaza hata ukumbi, na sahani za wali zilirudi jikoni zikiwa bado na mvuke. Mama yake, Bi Moza, alizipokea mwenyewe mlangoni.

Asya alisimuliwa. Hakuwepo. Alikuwa Dar es Salaam, amekatazwa kusafiri, maana yeye na Hafiz walifundishwa kazi pamoja na Idara iliogopa ataharibu uchunguzi. Jambo ambalo Idara haikulijua ni kwamba baada ya Ramadhani washenga wa Hafiz walikuwa waende kwao Asya, Tumbe. Hilo walilijua watu wawili tu. Sasa alilijua mmoja.

*

Kituo cha Tibirinzi kilikuwa chumba kimoja cha matofali nyuma ya nyumba za watu, na paneli za sola juu ya bati. Mlinzi wake, Mzee Othman, alikuwa amekaa nje, mbali kabisa na mlango, chini ya mwavuli uliochanika ubavu mmoja. Mvua ilikuwa inaanza.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba mwanangu. We ndo uliyetumwa na Idara?"

"Ndimi. Mbona umekaa mvuani?"

Mzee Othman alitazama mlango, akatazama chini.

"Mle ndani siingii. Kopyuta ya marehemu ina jambo. Nliambiwa niizime toka masika. Nkasogea, nkaiona inaandika. Peke yake, mwanangu! Hakuna mtu! Nkasoma Ayatul Kursiy, nkatoka, nsirudi tena."

"Inaandika nini?"

"Inasema inakuja." Sauti ya mzee ilishuka. "Toka masika inasema inakuja. Nani anayekuja, na mwenyewe tushamzika?"

Asya alisikia baridi ikimpanda mikononi. Aliilaumu mvua.

Lakini akili yake ilikuwa imeshashika kitu kingine. Mashine haijazimwa. Kumbukumbu ya kompyuta hufa pale umeme unapokatika, na hii haikukatiwa umeme hata mara moja tangu mikono ya Hafiz ilipoiacha. Hofu ya mzee huyu ilikuwa imefanya kazi ambayo Idara nzima haikuifanya.

"Mzee Othman, Mungu akujaze kheri," alisema. Mzee hakuelewa ni kwa lipi, lakini aliitikia amina.

*

Ndani kulinuka vumbi na popo. Kiti cha Hafiz kilikuwa kimevutwa nyuma kidogo, kama mtu aliyeinuka akachukue maji. Kikombe chake cha bati kilikuwa pale pale.

Kioo cha kompyuta kilikuwa kinawaka. Ukurasa mtupu, kishale kinapepesa. Na chini, kwenye mstari ambapo kisahihishi cha tahajia hupendekeza maneno, mahali ambapo hapakupaswa kuwa na kitu kwa sababu hakuna aliyeandika kitu, palikuwa na neno.

*naja*

Likapotea. Kishale kikapepesa. Likarudi.

*naja*

Asya alikaa kwenye kiti cha marehemu. Alimpenda mtu huyu. Aseme nini tena? Alimpenda, na hakuwahi kumlilia mbele ya watu, na sasa kipande cha chuma kilikuwa kinamwambia naja.

Kisha akajipangusa macho kwa ncha ya mtandio, akafungua begi.

Kisahihishi cha tahajia ni jambo la kitoto ukilisikia. Unaandika, kinakagua, kinakupigia mstari mwekundu. Hafiz alikitengeneza kwa ajili ya mashine za vituo na boti, kwa sababu ofisa anayeandika na mikono iliyoloa maji ya chumvi hukosea, na neno moja likikosewa boti huenda siko. Alikiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, maana mashine zilikuwa za zamani na hazina nafasi. Maneno aliyapanga kwa mti wa herufi. Kila herufi ni tawi. Karafuu na karamu hutembea njia moja mpaka kwenye a ya pili, halafu huagana. Kila tawi, na kila ujumbe, una nafasi yake ndani ya kumbukumbu ya mashine, kama nyumba yenye anwani. Ujumbe ukishaondoka, nyumba huachiwa maneno mengine.

Kuachiwa si kusafishwa. Hapo ndipo penye hatari ya C. Mwenye nyumba kaondoka, lakini vyombo vyake vimo ndani mpaka aje mpangaji mwingine avitupe. Mtu aliyebaki na anwani ya zamani anaweza kurudi akaingia, akabeba.

Hafiz alilijua hilo, na alilizuia kwa namna ambayo walimu wao wa Dar waliicheka. Alisema kwao Pemba mtu haingii nyumba ya mtu hivi hivi. Unabisha hodi mara tatu. Usipoitikiwa ya tatu, unageuza, unarudi, hata kama mlango uko wazi na unaona chakula mezani. Basi programu yake nayo ibishe hodi tatu kabla ya kuingia tawi lolote. Ya kwanza, je, anwani ipo? Ya pili, je, alama ya mwenyewe ingali mlangoni? Ya tatu, je, kuna anayeishi humu? Kila neno lilipohama, Hafiz alifuta alama ya mlangoni. Nyumba iliyohamwa haikuweza kuingiwa.

Asya alikuwa na nakala ya kwanza ya msimbo wa programu hiyo kwenye ThinkPad. Hafiz alimpa mwenyewe. Juu ya shughuli, yaani kipande cha programu chenye kazi moja, iliyoitwa *hodi* aliandika maelezo ya mstari mmoja: "Hodi mara tatu. Usipojibiwa, rudi ulikotoka."

Sasa, kama programu inabisha hodi tatu, neno la mtu aliyekufa linafika vipi kwenye kioo?

Hakugusa kibodi. Kila neno jipya hutafuta nyumba tupu ya kuhamia, na angeandika hata salamu angeweza kumtupa Hafiz nje. Alichomeka waya, akaingia kwa mlango wa nyuma kupitia gdb, chombo cha kuchungulia programu inayotembea, akaagiza kumbukumbu yote inakiliwe kwenye flashi. Mstari wa maendeleo ukaanza kutambaa. Mashine ilikuwa kongwe, na ilitambaa kama kobe.

Wakati inatambaa, alichukua programu ile ile ilivyo kwenye mashine, akaiendesha kwenye ThinkPad chini ya Valgrind, chombo kinachochunguza kila mguso wa kumbukumbu. Akaandika sentensi ya uongo. Akaifuta.

Mistari ikaporomoka.

Imesoma nafasi iliyokwisha kuachiwa. Imesoma nafasi iliyokwisha kuachiwa. Imesoma nafasi iliyokwisha kuachiwa.

Ukurasa mzima. Asya alifuata njia ya kosa hatua kwa hatua, mpaka kwenye shughuli moja fupi. Alipoifungua alibaki ameshika mdomo.

*Hodi* ilikuwa inaitwa mara moja tu.

Anwani ipo? Ipo. Ingia.

Hodi mbili zilikuwa zimekatwa. Na chini yake kulikuwa na kipande kipya ambacho Hafiz hakukiandika: kila alasiri, programu inakusanya "maneno mapya" ili kuboresha kamusi, inayafunga, inayatuma kwenye seva ng'ambo. Kwa kuwa sasa iliingia nyumba zilizohamwa, haikuwa inabeba maneno mapya. Ilikuwa inabeba amri za doria zilizofutwa. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilikuwa ndani ya kisahihishi cha tahajia. Nani angekishuku?

Toleo hili lilikuwa na sahihi ya kidijitali ya aliyelipitisha. Brandt. Mshauri wa mifumo kutoka nje, aliyekuja na ufadhili, tabasamu, na ahadi ya kuongeza kasi. Zubeir mwenyewe alimnywesha chai.

Asya alibonyeza redio.

"Mnazi, hapa Popo."

"Sema."

"Hakuna mtu aliyeuza. Ni kisahihishi. Brandt amekitoboa."

Kiti kilivutwa upande wa pili wa redio.

"Una hakika?"

"Hizi hodi mbili zimekatwa na mtu anayeona ni kazi bure. Hafiz asingezikata. Mtoto wa miaka mitano wa Wawi asingezikata."

"Hiyo si hoja ya mahakamani, Popo."

"Basi tuipe mahakama ushahidi. Kaa kwenye mashine ya makao makuu sasa hivi, kabla ya alasiri. Andika amri: boti zote kesho asubuhi ziende Mkoani, Tumbe ibaki wazi. Kisha ifute, usiitume kwa yeyote. Usimwambie hata katibu wako."

"Halafu?"

"Atakayefika Tumbe kesho, ameisoma kwenye nyumba iliyohamwa. Hakuna njia nyingine ya kuisoma."

Zubeir alipumua kwa nguvu. "Naandika," alisema, na sauti yake haikuwa ile ya asubuhi.

Adhana ya alasiri ililia kutoka msikiti wa karibu, ikachanganyika na mvua juu ya bati. Kunakili kulikuwa hakujafika mwisho. Asya alifungua sehemu iliyokwisha kushuka. Alijiambia anatafuta ushahidi. Alikuwa anamtafuta Hafiz.

Alimpata.

Ujumbe wa mwisho. Haukuwa wa kazi. Ulikuwa umeandikwa, ukafutwa, haukutumwa kamwe. Labda alikumbuka kwamba ujumbe binafsi ni marufuku, labda boti ilikuwa inamsubiri. Mwanzo wake ulikuwa umeliwa. Hivyo ndivyo ilivyo: mashine ikirudishiwa nyumba tupu huandika alama zake pale kizingitini, ili ikumbuke tupu nyingine iko wapi, na maneno ya mwanzo hupotea daima. Jina la aliyeandikiwa lilikuwa limekwenda. Yaliyobaki yalikuwa haya:

*...nisamehe, nimekawia tena. Unibakishie mkate wa kumimina, usifunge mlango, naja.*

Asya alisoma mara moja. Akasoma tena.

Kila Asya alipokuja kisiwani, alimletea Hafiz mkate wa kumimina, ule wa mchele na nazi, umefungwa kwenye kitambaa. Siku ile ya mwisho, kwao Tumbe, alikuwa amembakishia.

"Hodi!"

Sauti ya kiume, hodi moja tu, na papo hapo mlango ukasukumwa.

Mtu mrefu aliingia, koti lake la mvua linachuruzika, na bastola ndogo ikiwa mkononi kabla maji hayajafika sakafuni. Viatu vyake vilikuwa na punje za karafuu zilizopondeka.

"Dada Asya," alisema Brandt. Kiswahili chake kilikuwa safi, cha darasani. "Samahani kwa usumbufu. Mikono juu ya meza, tafadhali."

Asya aliweka mikono juu ya meza. Beretta ilikuwa chini ya baibui, mbali. Pawabenki ilikuwa kando ya ThinkPad, karibu na kidole chake kidogo.

"Karafuu za watu umezilipa?" aliuliza.

"Wanawake wenu ni wakali." Brandt alitazama kioo, akaona waya, akaelewa. "Ninaona umeisoma kazi yangu."

"Nimeisoma. Umekata hodi mbili."

Alicheka kwa mshangao wa kweli. "Ah, zile! Zilikuwa zinarudia jambo lile lile. Ukaguzi mmoja unatosha. Hafiz alikuwa mzuri, lakini alipoteza muda kwa mambo ya kienyeji."

"Alikugundua?"

"Aliniuliza maswali. Siku iliyofuata amri yake ya doria ilinifikia kama kawaida." Aliinua mabega. "Sikufyatua risasi mimi. Seva husambaza habari yenyewe, mimi nilitengeneza njia tu."

Mstari wa kunakili ulikuwa umebakiza kipande kama ukucha. Asya aliuona kwa pembe ya jicho. Brandt naye aliuona. Aligeuza bastola polepole, akailenga kompyuta.

"Hodi!"

Safari hii ilitoka nje. Sauti ya Mzee Othman, aliyekuwa amekwenda kuchemsha chai, na mlio wa birika na vikombe juu ya sinia.

Brandt aliganda. Bastola ikaruka kutoka kwenye kompyuta kwenda kwenye mlango.

"Kimya," alinong'ona.

Asya alikaa kimya. Hakuna agizo alilowahi kulitii kwa furaha kama hilo.

"Hodi!" Ya pili. Mvua juu ya bati. Brandt alisogea hatua moja, macho yote mawili kwenye kitasa, bega limekaza. Alikuwa anasubiri mlango ufunguke. Mtu akishabisha, anaingia. Ndivyo alivyofanya yeye maisha yake yote, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna njia nyingine.

Kidole cha Asya kiligusa pawabenki. Kunakili kukakamilika. Flashi ikaingia kiganjani.

"Hodi!" Ya tatu.

Brandt alishika pumzi. Kidole chake kikakaza kwenye kifyatulio.

Mlango haukufunguka.

Nyayo za Mzee Othman ziligeuka, zikarudi zilikotoka, taratibu, na vikombe vinagongana. Brandt alibaki ameutazama mlango, paji limekunjamana, kama mtu aliyeulizwa hesabu asiyoijua. Alikuwa hajaelewa bado pale ncha mbili za chuma za ile pawabenki zilipomgusa chini ya sikio.

Umeme ulimpita mtu huyo mpaka viatuni. Bastola ililia mara moja alipokuwa anaanguka.

Risasi ilipita kando ya bega la Asya, ikaingia kwenye kompyuta. Kioo kikazima. *Naja* ikazima nayo, na ndani ya chumba kukawa na kimya ambacho hakikuwepo tangu masika.

Asya alimfunga Brandt kwa waya zake mwenyewe. 

"Mzee Othman!" aliita. "Karibu sasa!"

"Aa, mwanangu!" sauti ilijibu kutoka mbali. "Nshabisha tatu! Ukanyamaza, nkajua unasali!"

*

Tumbe, asubuhi iliyofuata, mapema. Pwani ilijaa watu wa mnada, baiskeli zenye masanduku nyuma, pikapu zimegeuzwa kinyumenyume. Nguru na jodari walikuwa wamelazwa kwenye mikeka, na dalali alikuwa ameshaanza kukaza sauti.

Boti ya faiba yenye injini mbili za Yamaha iliingia bila haraka. Kwa nini waharakishe? Walikuwa na habari kwamba doria yote iko Mkoani.

Wakashusha masanduku ya barafu, samaki juu. Mwanamke aliyejifunika mtandio wa kijani alisogea.

"Hilo la chini bei gani?"

"Hilo si la mnada, bibie," alisema nahodha. "Lina mwenyewe."

"Mwenyewe ametuma nimpokelee." Asya aliinua ukingo wa mtandio, Beretta ikachungulia. "Anaitwa Brandt. Anawasalimu sana."

Nahodha alitazama kushoto. Muuza samaki mwenye baiskeli alikuwa ameshika bunduki. Alitazama kulia. Mnunuzi aliyekuwa anabishana bei ya jodari alikuwa Zubeir, kanzu yake imeloa magamba.

Hakuna risasi iliyopigwa. Chini ya barafu, unga ulikuwa umefungwa kwa nailoni, sanduku baada ya sanduku, na watu wa Tumbe walisogea kuangalia na kutema mate.

Zubeir alimkaribia Asya. Alikuwa mtu mzima aliyezoea kuamrisha, na alihangaika kutafuta pa kuweka mikono.

"Faili nimelifunga," alisema. "Shahidi wa kazi. Nimeandika kwa mkono wangu." Akameza mate. "Tulimdhulumu yule kijana."

"Mulimdhulumu," alisema Asya. "Mwambie mama yake. Usinambie mimi."

*

Alimwambia. Ijumaa baada ya sala, mbele ya watu, nyumbani kwa Bi Moza, Wawi. Idara ilisimamia hitma ya pili, na safari hii watu walijaa ukumbi, wakajaa baraza, wakatandikiwa majamvi mpaka chini ya mikarafuu. Wale waliokosekana ile ya kwanza walikuja mapema zaidi, wakasoma kwa sauti kubwa kuliko wenzao. Sahani hazikurudi na kitu.

Asya alimkuta Bi Moza ukumbi wa ndani, mwanamke mwembamba aliyekunja miguu, tasbihi haitembei mkononi.

"Shikamoo Bi Moza."

"Marahaba mwanangu. Njoo, kaa hapa. Wamenambia ndiwe uliyemsafisha mwanangu."

"Alikuwa safi, Bi Moza. Nliondosha vumbi tu."

Bi Moza alimtazama muda mrefu. Mama wa mtu huona mengi.

"Wasema kwenye hiyo mashine kaacha maneno. Kweli?"

Asya alikuwa ameyabeba maneno hayo tangu Tibirinzi. Alikuwa amelala nayo, ameamka nayo. Jina la mwanzo lililiwa na mashine, na hakuna mtu chini ya jua atakayelijua. Alikuwa na haki ya kuamini kwamba ni lake. Alitaka liwe lake, alitaka sana, maana hakuwa na kitu kingine cha Hafiz; hakuwa mjane, hakukaa eda, hakuna aliyempa pole.

"Kweli," alisema. "Kaandika hivi: Mama, nisamehe, nimekawia tena. Unibakishie mkate wa kumimina, usifunge mlango, naja."

Bi Moza alifunika uso kwa kanga. Mabega yalitikisika bila sauti. Kisha akafunua uso, na ulikuwa umelegea, umepumzika, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani.

"Nlimbakishia," alisema. "Nliuweka mpaka ukaota ukungu. Watu wakanambia tupa, nkakataa. Na mlango sijaufunga, mwanangu. Toka siku ile sijaufunga."

Asya aliinamisha kichwa. 

"Chumba chake kile pale," Bi Moza alisema. "Vitu vyake vimo. Ingia, chukua unachotaka. Nakujua we nani. Hakunambia, lakini kila akitoka kazini alikuwa anakutaja."

Asya alikwenda mpaka kwenye mlango wa mwisho wa ukumbi. Ulikuwa wazi nusu. Aliona ukingo wa kitanda, kanzu kwenye msumari, kofia ya kiua ambayo haijamalizwa kushonwa.

Akasimama kizingitini.

"Hodi," alisema polepole.

Nje, watu walikuwa wanasoma.

"Hodi."

Upepo ulitikisa kanzu, ukaiacha.

"Hodi, Hafiz."

Alisubiri kadiri adabu inavyotaka. Hakuna aliyeitikia. Akageuka, akarudi alikotoka, akamwinamia Bi Moza na kumbusu mkono, akapita katikati ya watu mpaka kwenye Boxer.

Motorola ilikoroma.

"Popo, hapa Mnazi. Karafuu imeloa. Mkoani."

Asya alivaa helmeti juu ya mtandio, akaikaza chini ya kidevu.

"Naanika," alisema, akawasha pikipiki.